Mtoto anayehara kwa wiki ya tano: tazama kadi yake kabla ya kununua dawa nyingine

Swali: Daktari, naomba unishauri. Naishi Nyalenda, Kisumu. Mwanangu wa kiume ana mwaka mmoja na miezi minane, na hii ni wiki ya tano anaendesha. Ilianza kwa homa na kutapika kwa siku tatu. Hivyo vikaisha, kuhara kukabaki. Anaenda choo mara nne hadi sita kwa siku, choo cha majimaji chenye povu, na vipande vya karoti na maharagwe hutoka kama alivyovimeza. Hakuna damu. Anacheza, ingawa anachoka mapema. Kwenye kemisti nimepewa metronidazole mara mbili na antibayotiki nyingine mara moja. Nimemwachisha maziwa ya ng'ombe, nampa uji mwepesi, juisi ya pakiti na glukosi ili apate nguvu. Bado ananyonya usiku. Nyanya yake anasema ni magego yanaota, tungoje. Kwenye kadi alikuwa kilo 10.3 akiwa na miezi 18, na juzi alikuwa kilo 10.1. Je, sasa nijaribu dawa gani?

Jibu: Mama, pole kwa wiki tano za kufua na kukesha. Katika barua yako yote, iliyonishughulisha zaidi ni sentensi ya kilo, ambayo uliiweka karibu na mwisho kana kwamba ni jambo dogo. Mtoto wa umri huu huongeza takriban gramu 200 kila mwezi, kwa hiyo wako alipaswa kukaribia kilo 10.7 anapotimiza miezi 20. Ukihesabu alichopoteza pamoja na kile ambacho hakukipata, pengo ni la kama gramu 600. Kabla ya kuogopa, mpime tena kwenye mizani ileile ya kliniki, bila nguo na bila nepi, kwa maana ikiwa mara ya kwanza alipimwa na nepi iliyolowa, hizo gramu 200 zinazoonekana kupotea huenda zilikuwa za mkojo tu. Hata hivyo, kama kilo 10.1 ni ya kweli, bado ameachwa nyuma, na jibu langu lote linategemea hapo.

Nasema hivyo kwa sababu wako watoto wa aina mbili ambao vyoo vyao hufanana na hali zao hazifanani. Wa kwanza ana kati ya mwaka mmoja na mitano, anakula vizuri, ananenepa, analala usiku kucha bila kuamshwa na tumbo, na mchana anaenda choo mara kadhaa, cha asubuhi kikiwa kimeshikana kidogo na cha jioni kikiwa majimaji. Huyo hana ugonjwa. Matumbo yake yanasukuma chakula haraka kuliko ya mtu mzima, na mara nyingi kinachoyachochea ni juisi nyingi na chakula kilichopungukiwa mafuta. Hali hiyo humwisha bila dawa anapokaribia umri wa kwenda shule. Vipande vya karoti na maganda ya maharagwe unavyoviona ni vya kawaida kwa mtoto kama huyo, na hata kwa mtoto asiyehara, kwa kuwa meno ya kusagia hayajatimia naye humeza kabla ya kutafuna. Sijawahi kuona mama asiyeogopeshwa na vipande hivyo, lakini peke yake havina uzito.

Mtoto wa pili alianza kwa maambukizi, yaani homa, kutapika na kuhara kwa ghafla, kisha kuhara kukakataa kuisha. Shirika la Afya Duniani huhesabu kwamba kuhara kwa namna hiyo kukifika siku 14 ni kuhara kwa kudumu, na kunahitaji kushughulikiwa kwa njia yake, tofauti na kuhara kwa siku mbili tatu. Mwanao ana vipande vya karoti vya mtoto wa kwanza, lakini jinsi alivyoanza, wiki zilizopita na kadi yake vinamweka upande wa huyu wa pili. Kwa hiyo naomba uende naye kituo cha afya wiki hii. Nitakueleza cha kuomba ukifika huko, lakini kwanza tuzungumze kuhusu sufuria, kwa sababu chakula ndiyo tiba kubwa ya hali hii, na kinaweza kuanza leo jioni.

Ukuta wa ndani wa utumbo mwembamba una vinyweleo vidogo sana kama vya kitambaa cha mahameli, na kazi yake ni kufyonza chakula. Maambukizi yale ya wiki ya kwanza huvinyoa. Kwenye ncha za vinyweleo hivyo ndiko kunakotengenezwa kimeng'enya kinachovunja laktosi, yaani sukari ya maziwa, ndiyo maana maziwa huwa ya kwanza kumshinda mtoto aliyetoka kuumwa tumbo. Sukari isiyofyonzwa hubaki ndani na kuvuta maji, kisha bakteria wa utumbo mpana huichachua, na hapo hupatikana lile povu uliloliona, gesi, na choo chenye asidi. Mtazame makalio: ikiwa ngozi iliyo karibu na njia ya choo imekuwa nyekundu na anapiga kelele ukimwosha, hiyo ni dalili nyingine ya asidi hiyo. Mpake mafuta mazito ya kujipaka kila baada ya kumsafisha, na umwache bila nepi kwa muda kila siku.

Ulipoacha maziwa ya ng'ombe, basi, ulikisia vizuri. Tatizo ni vile ulivyoviweka mahali pake. Juisi ya pakiti ina sukari nyingi, na ya tofaa au peasi ina pia sobitoli, sukari ambayo hata utumbo mzima hauifyonzi vizuri. Glukosi ya unga iliyokorogwa kwenye maji nayo huvuta maji kuyaingiza utumboni badala ya kuyatoa, tofauti na ORS, yaani ule unga wa pakiti wa chumvi na sukari wa kukorogea maji, ambayo sukari yake imepimwa ilingane na chumvi ili viingie mwilini pamoja na kuyavuta maji nyuma yake. Ukimpa mtoto glukosi au soda kwa nia ya kumtia nguvu, unamwongezea safari za choo. Acha vyote viwili leo. Kinywaji chake kiwe maji safi, na ORS baada ya choo cha majimaji.

Uji mwepesi nao una kosa la namna nyingine. Tumbo la mtoto wa umri huu hujaa kwa kikombe kimoja. Kikombe hicho kikiwa maji na vijiko viwili vya unga, ameshiba akiwa na njaa. Vinyweleo vilivyonyolewa huota tena kwa chakula, hasa protini na mafuta, na mtoto anayepewa uji wa maji kwa wiki tano hana cha kuvioteshea. Ndivyo mduara unavyofungika: anahara, anapunguziwa chakula ili tumbo lipumzike, utumbo haupati cha kujijenga, anaendelea kuhara. Katika utafiti mkubwa uitwao GEMS, uliofanywa katika nchi saba za Afrika na Asia na ambao kituo chake cha Kenya kilikuwa hapo Siaya, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba watoto waliopata kuhara kukali walirefuka kwa kiasi pungufu kuliko wenzao katika miezi miwili iliyofuata.

Fanya hivi. Pika uji wa wimbi au wa mahindi uwe mzito kiasi kwamba ukiinamisha mwiko unadondoka kwa vipande, hautiririki. Ukiona ni mzito mno kwake kumeza, usiongeze maji. Ukishautoa motoni na kupoa kidogo, tia kijiko kidogo cha unga wa kimea, yaani wimbi iliyooteshwa ikakaushwa na kusagwa, ambayo wauzaji wengi wa nafaka katika soko la Kibuye wanaifahamu. Koroga, na ndani ya dakika chache utauona uji ukilainika bila kupoteza unga wake. Kisha urudishe motoni uchemke tena. Mwishoni ongeza kijiko kikubwa cha karanga zilizosagwa laini na kijiko kidogo cha mafuta ya kupikia, na usitie sukari. Uji wa kuchachusha wanaoupenda watu wa Magharibi mwa Kenya ni mzuri vilevile, hata una faida, kwa kuwa uchachu huwazuia bakteria wengi wasiongezeke.

Nyakati nyingine za siku mpe ugali laini na yai lililovurugwa, au omena waliooshwa vizuri, wakakaangwa, wakatwangwa hadi kuwa unga na kuchanganywa na mrenda. Ndizi mbivu, parachichi, viazi vilivyopondwa na mafuta, na maharagwe yaliyopondwa na kuchujwa maganda, vyote vinafaa. Mgawie mara sita kwa siku, kidogo kidogo, na usiku asilale bila kula. Mtoto anayeumwa hula polepole na hukataa. Mpakate, mlishe kwa kijiko, ungoje, ujaribu tena baada ya robo saa.

Kuhusu maziwa, usimwachishe kunyonya. Maziwa ya mama yana laktosi, ni kweli, lakini watoto wengi huyavumilia hata wakati huu, na yana kinga ambayo hakuna kemisti anayeiuza. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, usiku na mchana. Badala ya maziwa ya ng'ombe mpe mala au mtindi usiotiwa sukari, nusu kikombe pamoja na chakula, kwa kuwa bakteria wa mala wamekwisha kula sehemu ya laktosi hiyo. Mala hiyo iwe imetengenezwa kwa maziwa yaliyochemshwa, si ile ya kwenye jerikeni ambayo hujui ilikotoka. Kuhara kukikoma na uzito ukianza kupanda, maziwa ya kawaida yanaweza kurudi taratibu, yakianzia ndani ya uji.

Sasa nije kwenye swali lako lenyewe, la dawa. Ipo moja ambayo hukuitaja, nami nahofu hakupewa, nayo ni zinki. Tangu mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF wanapendekeza kila mtoto anayehara apewe zinki pamoja na ORS, na huku Kenya mara nyingi hutolewa zikiwa pakiti moja. Kwa mtoto aliyepita miezi sita ni miligramu 20 mara moja kwa siku, kwa siku 10 hadi 14, nawe kwa sababu ya wiki hizi tano timiza 14 hata choo kikishikana siku ya nne. Kidonge huyeyushwa kwenye kijiko kwa maji au maziwa ya mama. Kina ladha ya chuma na wengine hukitapika. Akitapika ndani ya nusu saa, mpe kingine.

ORS nayo mara nyingi huharibiwa jikoni. Soma pakiti kabla ya kuikata, kwa sababu zipo za nusu lita na zipo za lita moja, na nimekutana na akina mama wengi wanaomwaga pakiti nzima kwenye kikombe kimoja cha chai, jambo ambalo ni hatari kwa sababu ya chumvi. Chupa tupu ya soda ya mililita 500 ndicho kipimo kizuri kuliko vyote vilivyo nyumbani kwako. Kwa umri wake mpe mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo cha majimaji, kwa kijiko au kikombe, na ulichokoroga ukimwage baada ya saa 24.

Metronidazole imekuwa kwetu kama chumvi, kila anayehara anatiwa. Sitajitoa katika lawama hiyo, kwani nilipoanza kazi nami niliiandika kwa watoto ambao hawakuihitaji, kwa kuwa mzazi aliyesafiri kwa bodaboda hadi kliniki hapendi kurudi mikono mitupu. Dawa hiyo huua jiadia na amiba, vimelea wa tumboni. Haina la kufanya kwa virusi, wala kwa utumbo ulionyolewa. Antibayotiki zenyewe huwafagia bakteria wazuri na zinaweza kurefusha kuhara. Na kama mtu atakupa loperamidi au dawa yoyote ya kufunga tumbo, irudishe, kwa kuwa kwa mtoto wa umri huu inaweza kulisimamisha tumbo lisifanye kazi kabisa.

Ukifika kituo cha afya, omba mambo manne. Kwanza, apimwe uzito na urefu, na mkono wake upimwe kwa ule utepe wa rangi: chini ya sentimita 12.5 ana utapiamlo, na chini ya 11.5 ni utapiamlo mkali unaohitaji mpango wa chakula maalumu. Mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wenu akiwa na utepe huo, anaweza kumpima hata kesho. Pili, choo kipimwe maabara, kikiwa kipya, ikiwezekana kwa siku tofauti, kwa kuwa jiadia haionekani katika kila sampuli. Jiadia hukaa wiki nyingi na hutoa choo chenye mafuta na harufu kali. Ikipatikana, dawa ina sababu. Jibu la amiba lipokee kwa tahadhari kama choo hakina damu, kwani yupo amiba mwingine asiyedhuru ambaye chini ya hadubini hatofautiani na yule mbaya. Uliza pia kama maabara inaweza kutafuta kriptosporidia, maana upimaji wa kawaida humpita kimelea huyo bila kumwona, na utafiti ule wa GEMS ulimkuta miongoni mwa visababishi vinne vikuu vya kuhara kukali kwa watoto wetu.

Tatu, apimwe virusi vya UKIMWI, nawe upimwe tena. Tafadhali usilisome hili kama tuhuma. Mama aliyepimwa akiwa mjamzito akaonekana hana, anaweza kuambukizwa baadaye wakati ananyonyesha, na kuhara kwa kudumu ni mojawapo ya njia ambazo hali hiyo hujionyesha kwa mtoto. Katika kaunti zinazolizunguka ziwa, kuacha kupima ni uzembe wetu sisi wahudumu. Nne, uulize kuhusu vitamini A na dawa ya minyoo ikiwa zamu yake imepita.

Maji ya kwenu yanastahili neno refu kidogo. Nyalenda ni bonde. Maji ya ardhini yako karibu, visima ni vifupi, na vyoo vya shimo vimepangana navyo, hivyo maji ya kisima yanaweza kuonekana safi kama kioo na yakawa yamepita chooni. Klorini ya kutibu maji nyumbani ni nzuri sana dhidi ya bakteria na virusi, endelea nayo kwa matumizi ya familia, lakini kriptosporidia haishindwi nayo. Maji ya mtoto huyu, yale ya kunywa na ya kukorogea ORS, yachemshe hadi yatokote kwa nguvu kwa dakika moja, yapoe ndani ya sufuria iliyofunikwa, kisha yakae kwenye chombo chenye bomba au mdomo mwembamba ili mtu asichovye kikombe. Nimeona nyumba ambamo maji huchemshwa kwa uangalifu asubuhi, na kufikia adhuhuri watoto watatu wamekwisha kuingiza mikono mtungini. Choo cha poti na cha nepi kitupwe ndani ya choo, kwa maana cha mtoto kinaambukiza sawasawa na cha mtu mzima, kisha unawe kwa sabuni kabla ya kugusa unga.

Nyanya yake muheshimu, lakini meno hayaharishi mtoto kwa wiki tano. Kinachotokea ni kwamba katika umri wa kuota meno kila kitu huingia mdomoni, na vingine huwa na uchafu. Mtu akianza kuzungumzia meno ya plastiki yanayopaswa kung'olewa kwenye ufizi, mtoe mtoto mikononi mwake. Wapo waliovuja damu na kupata maambukizi mabaya kwa sababu hiyo.

Usingoje miadi, bali uende hospitali siku hiyohiyo, mchana au usiku, ukiona damu kwenye choo, akitapika kila anachokunywa, akishindwa kunywa au kunyonya, macho yakididimia, akilegea asiamke vizuri, au ukifinya ngozi ya tumbo ikachelewa kurudi. Miguu ikivimba, nenda vilevile. Mtoto aliyehara siku 14 na zaidi, akiwa na dalili za upungufu wa maji, hulazwa. Hapo hakuna mjadala wa nyumbani.

Kama hana lolote kati ya hayo, anza chakula leo na umrudishe kituoni baada ya siku tano. Andika kwenye daftari idadi ya vyoo na ya milo, kwa sababu daktari atakuuliza na usingizi utakuwa umekusahaulisha. Ikiwa siku ya tano bado anaenda mara tatu au zaidi, au uzito umeshuka tena, aombewe rufaa akaonwe na daktari wa watoto. Vipande vya karoti utaendelea kuviona hata atakapopona. Mpime tena siku ya 14, kwenye mizani ileile, bila nepi, uniandikie namba hiyo.